Kufunga Tobaa na Umeme wa Tela kwa Mkono Wangu

Askari aliyenisimamisha jioni ile kwenye barabara ya Iringa, nikitokea Mpunguzi kurudi Dodoma mjini na kreti za zabibu nyuma, hakuniomba leseni. Alilizunguka tela mara moja, akarudi dirishani na kuniambia, "Shikamoo mzee. Hilo tela lako ukikanyaga breki linakonyeza." Nilimwachia mwanangu usukani, nikashuka na kusimama nyuma ili nijionee. Alipokanyaga breki, taa mbili zilizopaswa kuwaka nyekundu zilitoa mwanga hafifu kama makaa yaliyofunikwa na majivu, na alipowasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zilianza kupepesa kwa pamoja, za kushoto na za kulia, kana kwamba haziambiani lipi la kufanya. Askari alituruhusu tuondoke kwa sharti la kwenda mwendo mdogo, na mimi nilifika nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba kazi yote ile ningeibomoa na kuifanya upya mwenyewe.

Tobaa, yaani chuma cha nyuma ya gari kinachokokota tela, nilikuwa nimefungiwa miezi miwili kabla na fundi wa kando ya barabara, kwa mchana mmoja. Chuma chake kilikuwa kinene kiasi cha kuvutia lori, na kwa sababu hiyo nilimlipa kwa furaha bila kuuliza mengine. Naandika haya kwa kuwa naona wengi wetu tunafanya kosa hilo hilo: akili yote tunaipeleka kwenye chuma, kisha nyaya tunazipa dakika kumi za mwisho wakati jua linazama, ilhali karibu kila tatizo nililolikuta nilipofungua lilikuwa kwenye nyaya, na lile moja la chuma nalo halikuhusu unene.

Nianze na hilo la chuma, kwa maana ni fupi. Gari langu ni Prado ya mwaka 1999, ya dizeli, iliyotoka Japani, na kwa kazi hii lina bahati ya kuwa na chasisi ya kweli, yaani mihimili miwili ya chuma inayopita chini ya bodi kutoka mbele hadi nyuma, ambayo ndiyo inayopaswa kubeba tobaa. Mwenye gari dogo lisilo na chasisi hana mihimili hiyo, na tobaa yake hulazimika kushika sehemu za sakafu zilizoimarishwa kiwandani, kwa hiyo namshauri atafute tobaa iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lake hasa, si ya kubuni. Nilipoifungua yangu nilikuta bolti sita, nne zikiwa na alama ya 8.8 kichwani na mbili hazina alama yoyote, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa imepinda kama ndizi changa. Alama ile si pambo. Namba ya kwanza ikizidishwa mara 100 hutoa nguvu ya kuvuta inayokata chuma hicho kwa megapaskali, na ya pili huonyesha ni sehemu ngapi kati ya kumi za nguvu hiyo zinazotosha kukifanya kianze kuvutika bila kurudi. Bolti ya 8.8 hukatika kwa 800 na huanza kuvutika kwa 640, wakati ile ya kawaida ya 4.6, inayouzwa kwa ajili ya mageti na mapagale, huanza kuvutika kwa 240 tu. Kwa macho zinafanana kabisa.

Nilinunua bolti nane mpya za 8.8 zenye kipenyo cha milimita 12, pamoja na nati za kujikaza na washa nene. Matundu manne yalikuwepo tayari kwenye chasisi tangu kiwandani, yenye nyuzi ndani yake, na nilichofanya ni kuyasafisha kwa burashi ya waya na mafuta. Mengine manne yalikuwa yametobolewa na fundi yule, na hapo ndipo nilipolazimika kusahihisha jambo ambalo wengi hawalijui: mhimili wa chasisi ni mtupu ndani kama boksi, na ukipitisha bolti kutoka upande mmoja hadi mwingine kisha ukaikaza kwa nguvu, unachokaza si muungano bali unalibana boksi libonyee, na kadiri linavyobonyea ndivyo bolti inavyolegea baada ya safari chache. Dawa yake ni kipande cha bomba nene kinachoingia ndani ya mhimili, kikiwa na urefu sawasawa na upana wa ndani, ili bolti ipite ndani yake na nguvu ya kukaza ibebwe na bomba. Nilikata vipande vinne kwa msumeno wa mkono, nikavisawazisha kwa tupa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo zote za matundu, kisha nikakaza kwa spana ya torki, ile inayolia nguvu ya kukaza ikifika kipimo, hadi nyutoni-mita 80. Spana hiyo niliiazima kwa jirani anayefanya kazi za injini. Kukaza kwa kukadiria mkono, hata kama mkono ni wa miaka thelathini, hakufai hapa.

Watu huniuliza kwa nini sikuchomelea tobaa kwenye chasisi, maana kuchomelea ni rahisi na kunaonekana imara zaidi. Sikuchomelea kwa sababu joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha chasisi pembeni mwa mshono, na nyufa huanzia hapo hapo, zikijificha chini ya rangi. Bolti ikilegea utaikaza, mshono ukipasuka utaujua siku tela linapokupita.

Kuhusu uzito nitasema machache, lakini machache hayo ndiyo yaliyonifanya nibadili matumizi ya tela langu. Tela langu halina breki zake lenyewe. Nchini Uingereza tela la namna hiyo haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, kiwango kile kilicho kidogo kati ya viwili ndicho kinachofuatwa, nami nimekichukua kuwa kanuni yangu kwa kuwa breki za gari huku si kali kuliko za huko. Tela lenyewe tupu lina kilo 190. Tangi la maji la lita 1,000, ambalo nilikuwa nimeshalinunua kwa ajili ya miche ya mizabibu, likijaa ni tani moja kamili kabla hata hujahesabu tela, kwa hiyo lilibaki nyumbani na shambani nikaanza kupeleka la lita 500, likiwa limejaa kabisa, kwa maana maji nusu tangi hupigana humo ndani kila unaposhika breki na kulisukuma gari kutoka nyuma.

Kitu cha pili ni uzito unaokalia tufe la tobaa, yaani ule mpira wa chuma unaoshikwa na kikombe cha tela. Mzigo ukisogezwa nyuma mno, mkono wa tela huinuka na kuinua mkia wa gari, na tela huanza kuyumba kushoto na kulia likiwa kwenye mwendo. Ukisogezwa mbele mno, gari hukaa kama linachutama na taa za mbele humulika miti. Kipimo kinachofaa ni kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela. Mimi hupima kwa mizani ya bafuni ya mama watoto: nasimamisha kipande cha gogo juu yake kwenye sakafu iliyo sawa, urefu wake uwe wa kulifanya tela likae bapa, kisha nakilaza kikombe cha tela juu ya gogo na kusoma. Safari ya kwanza nilipopima zabibu nilipata kilo 18 kwa tela lililokaribia kilo 600. Nilisogeza kreti sita mbele na ikawa 45. Mama watoto amesharidhia, mradi nirudishe mizani ikiwa imefutwa.

Sasa nyaya.

Nilipofungua tepu ya fundi yule nilikuta nyaya za tela zimesokotwa kwa vidole kwenye nyaya za taa za gari, bila solda wala kiunganishi, na waya mweupe, ambao ndio ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ukiwa umekunjwa na kufungiwa ndani ya tepu bila kuunganishwa na kitu chochote. Nilishangaa mpaka nilipoelewa hesabu yake: alitegemea umeme urudi kwenye gari kupitia chuma, kutoka kwenye kikombe cha tela kwenda kwenye tufe la tobaa na kisha kwenye chasisi. Siku ya kwanza, chuma kwa chuma kikiwa kikavu, mpango huo ulifanya kazi, na ndiyo maana taa zote ziliwaka mbele yangu nikatoa fedha. Kisha mimi, kwa bidii yangu mwenyewe, nikawa napaka grisi kwenye tufe kila Jumamosi ili lisilike. Grisi ilikuwa inakata ethi, na aliyekuwa akiikata ni mimi.

Kukonyeza kulikomshangaza askari kunatokana na hapo. Umeme unaoingia kwenye balbu lazima urudi kwenye betri, na ukinyimwa njia yake ya kurudi hauachi kazi, bali hutafuta njia ya jirani. Umeme wa indiketa ya kushoto ulipofika kwenye bodi ya tela na kukosa ethi, uliingia kinyumenyume kwenye balbu ya taa ya nyuma iliyo kando yake, ukarudi kupitia waya wa taa za nyuma hadi kwenye gari, na kutoka humo ukapita kwenye balbu za gari lenyewe mpaka ethi. Kila balbu ilipata sehemu ndogo ya volti, ndiyo maana zote zilifumba na kufumbua, na hakuna iliyowaka sawasawa. Kwa hiyo mtu akiona tela lake linafanya vituko ambavyo havina mantiki, taa moja ikiamrisha nyingine, asianze kununua balbu. Aangalie ethi kwanza.

Kabla ya kufunga upya nilifanya jambo ambalo kwenye magari ya Japani ni la lazima, nalo ni kupima betri kwa mita. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka kule zina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, na atakayefunga humo balbu na rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) za volti 12 ataona moshi mapema. Yangu ni ya volti 12. Kisha nikafungua kichwa cha hasi cha betri, na kazi ikaanza.

Niliamua taa za tela zisinyonye umeme kutoka kwenye nyaya za taa za gari. Hesabu yake ni hii: balbu ya indiketa ni ya wati 21, nayo kwa volti 12 huvuta karibu ampia 1.75, mbili za breki huvuta ampia 3.5, ukiongeza taa za nyuma na ya namba, tela zima likiwasha kila kitu kwa pamoja pamoja na taa za hadhari huvuta takribani ampia 8. Nyaya za gari, swichi ya breki na kifaa kinachofanya indiketa zipige vilitengenezwa kwa balbu za gari peke yake. Kwa hiyo nilifunga rilei nne ndogo za volti 12, moja ya indiketa ya kushoto, moja ya kulia, moja ya breki na moja ya taa za nyuma. Mguu wa rilei wenye namba 86 unapokea ishara kutoka kwenye waya wa taa ya gari, 85 unakwenda ethi, 30 unapokea umeme mzito kutoka betri, na 87 unaupeleka kwenye tela. Koili ya rilei huvuta ampia 0.15 hivi tu, kwa hiyo gari halihisi kama kuna tela. Kwenye kila koili nilifunga dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili ule mshtuko wa umeme unaotokea koili inapozimwa usirudi kwenye nyaya za gari.

Umeme mzito niliuleta kwa waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, ukiwa na fyuzi ya ampia 15 iliyofungwa sentimita 20 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na rilei, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna anayeulinda ukichunika na kugusa chuma. Nilipopitisha chini ya gari niliuvalisha bomba la plastiki, nikaufunga kwenye chasisi kila sentimita 30, upande ulio mbali na bomba la moshi, na palipotobolewa bodi nikaweka raba ya tundu ili ukingo wa bati usikate.

Kupata nyaya sahihi za gari kulinichukua saa nzima nyuma ya paneli ya kushoto ya buti. Sitataja rangi zake, kwa sababu mwenye gari la mwaka mwingine atanifuata na kupotea. Nilirudisha kichwa cha betri kwa muda, nikashika testa, nikachoma kidogo kila waya huku mwanangu akiwasha kimoja kimoja, na kila jibu nililiandika kwenye kipande cha tepu nyeupe nikakibandika hapo hapo. Kwenye kila muungano nilimenya ganda la waya bila kuukata, nikauzungushia waya mpya, nikaweka solda, kisha nikafunga kwa tepu ya nguo. Wapo wanaotumia vile viklipu vya plastiki vyenye jino linalotoboa ganda. Kwenye barabara za lami huenda vinadumu. Kwa mtikisiko na vumbi la njia ya kuelekea shambani kwangu, jino lile hukata nyuzi moja baada ya nyingine na hatimaye waya hushikiliwa na ganda lake tu.

Soketi ya matundu saba ina mpangilio wake unaojulikana, na ni vyema kuufuata hata kama tela ni lako peke yako, kwa kuwa iko siku utaazima la mtu. Tundu la 1, waya wa njano, ni indiketa ya kushoto. La 2, wa bluu, ni taa ya ukungu. La 3, mweupe, ni ethi. La 4, wa kijani, ni indiketa ya kulia. La 5, wa kahawia, ni taa ya nyuma ya kulia. La 6, mwekundu, ni breki. Na la 7, mweusi, ni taa ya nyuma ya kushoto. Gari langu halina taa ya ukungu ya nyuma, basi la 2 niliacha wazi na ncha ya waya wake nikaifunga. Rangi hizi zinaaminika kwenye kebo ya dukani tu. Kwenye tela lililotengenezwa mtaani, rangi ni ile fundi aliyokuwa nayo siku hiyo. Kwenye langu indiketa zote mbili zilikuwa na waya mwekundu.

Waya wa ethi niliuchagua mnene kuliko mingine, milimita mraba 2.5 dhidi ya 1.5, kwa kuwa kila ampia inayokwenda kwenye tela kwa nyaya nyingine zote hurudi kwa huo mmoja. Nao sikuufunga kwenye chasisi. Bodi ya Prado imekaa juu ya chasisi kwa raba, na hizo mbili hukutanishwa kwa mikanda michache tu ya ethi ambayo baada ya miaka ishirini ya kutu haina uhakika, wakati taa na rilei ziko upande wa bodi. Nilikwangua rangi kwenye bolti ya ethi ya kiwandani iliyo nyuma ya taa, nikafunga lagi ya shaba hapo, na waya wa pili nikaupeleka moja kwa moja mpaka hasi ya betri. Ndani ya tela nilifanya vivyo hivyo: kila taa sasa ina waya wake wa kurudi, na chuma cha tela hakibebi umeme wa mtu.

Wenye magari mapya wasinifuate katika hili la kuchoma nyaya. Gari ambalo kompyuta yake inachunguza kila balbu linaweza kuleta makosa kwenye dashibodi, na pengine kuharibu kifaa cha gharama kubwa, kwa hiyo linahitaji seti ya nyaya iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na gari la Kimarekani ambalo breki na indiketa za nyuma hutumia balbu moja nyekundu linahitaji kifaa cha kuzitenganisha kwanza.

Nilipomaliza sikutosheka na kuona taa zinawaka, maana hata za mwanzo ziliwaka. Kabla sijabomoa kazi ya zamani nilikuwa nimevuta waya mrefu kutoka hasi ya betri hadi nyuma, nikapima kati ya waya huo na bodi ya tela huku breki ikiwa imekanyagwa, na mita ilionyesha volti 6: nusu ya umeme ilikuwa inapotelea njiani kwenye grisi yangu. Kipimo hicho hicho, kwenye taa ya mwisho kabisa ya tela, kila kitu kikiwa kimewashwa, kilitoa volti 0.3. Mwanangu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dereva alisema anasikia rilei zinaalika nyuma kama mtu anayetafuna karanga.

Kwa kuwa gari halina tena namna ya kujua kama balbu ya tela imeungua, nazunguka tela kabla ya kila safari. Kebo niliikata kwa urefu wa kuruhusu gari likate kona kali bila kuivuta na bila kuiacha iburuze chini. Minyororo miwili ya usalama nimeipitisha kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikichomoka kidakwe hapo badala ya kuchoma lami.

Baada ya kilomita mia tatu za kwanza nililala tena chini ya gari na ile spana ya kuazima. Kwenye kila bolti nilikuwa nimechora mstari wa rangi nyeupe, kutoka nati hadi kwenye chuma, ili nione kama kuna iliyosogea. Sita zilikuwa pale pale. Mbili za upande wa kulia zilizunguka robo kabla spana haijalia, nikachora mstari mpya kwa rangi ya njano, na Jumamosi ijayo nitaangalia hizo kwanza.